Waziri wa Nishati na Kuku Kumi na Wawili

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku kubwa! Nimepata cheo.

Asubuhi gari la matangazo limepita mtaani, kipaza sauti kinakoroma kama mzee mwenye pumu. Umeme utakatwa kesho mpaka Jumapili, upande wetu wote wa Luanshya. Transfoma inabadilishwa. Mtaa mzima umeguna. Mimi nimeruka. Hatimaye watu watahitaji akili zangu!

Mama hakuruka. Alikaa kwenye kigoda akashika kichwa. Jumamosi ni chilanga mulilo ya dada yangu Mumbi. Wanawake wetu watapika kila kitu anachokula Mbemba, watakibeba mpaka kwa bwana harusi, na vifuniko vitafunuliwa kimoja kimoja huku mama mkwe anachungulia. Kabla ya siku hiyo mkwe haonji hata chumvi ya kwetu. Shemeji Katongo, maskini, mwaka mzima anatutembelea na kuondoka na njaa. Husimama mlangoni akinusa kapenta, dagaa wetu, makini kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

Kuahirisha haiwezekani. Jumatatu ijayo Katongo anasafiri kwenda kuanza kazi mgodini Solwezi. Tena mama yake hampendi sana Mumbi. Ameshaanza kumtajataja binti mmoja wa mchungaji, eti anajua kupika. Shangazi Kunda, ambaye ndiye kungwi wa Mumbi, amesema chungu kimoja kikifika na aibu, harusi hakuna.

Mama akataka kwenda kwa jirani, Mama Jere, mwenye sola juu ya paa, amwombe atuwekee samaki. Nikapinga palepale. Akina Jere ni Wangoni, sisi Wabemba. Watani! Ukimpa mtani samaki akuwekee, umempa samaki. Akila, wewe unacheka. Ndiyo sheria. Na yule kijana wao Mabvuto angewala na miiba. Jina lake kwa lugha yao maana yake ni matatizo. Wazazi wake ni watu wakweli.

Nikasema niachieni mimi. Darasa la tisa nimelisoma mara mbili, wenzangu wengi wamelisoma mara moja tu. Kuanzia leo mimi ni Waziri wa Nishati wa nyumba hii. Mama akasema sawa baba, ila yakiharibika usinililie mimi. Nimelichukua hilo kama kiapo cha kuapishwa.

Sasa mpango. Redio iliwahi kusema friza iliyojaa inashika baridi kuliko friza tupu. Yetu ilikuwa na samaki upande mmoja tu, kwingine upepo mtupu. Nikatazama uani. Kuku kumi na wawili wa chilanga mulilo wanazurura, wanaparura, hawana habari. Kumbe vya kujazia friza vipo, vinatembea kwa miguu!

Mama na Shangazi walikuwa wamekwenda sokoni. Nikanoa kisu.

Friza imejaa mpaka mfuniko unalalamika. Wa mwisho mwisho waliingia bado wana joto la uhai. Mama aliporudi alisimama uani, akasikiliza, akauliza mbona kimya. Nikamfungulia friza kwa madaha, kama mtu anayefungua pazia. Alikwenda kusimama ukutani kwa akina Jere kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anaringa.

Jumanne, 15 Oktoba

Umeme umekata! Nimepiga makofi peke yangu.

Nimeivisha friza mablanketi yote ya nyumba hii, pamoja na lile la harusi ya Mama, kisha nikaifunga kamba kama mzigo wa basi la Kasama. Nikatangaza amri ya kwanza ya Wizara: hakuna kufungua. Mumbi alikuwa na limau lake mle ndani. Nikamkatalia. Akasema yeye ndiye bibi harusi. Nikasema hata angekuwa Rais.

Mchana Mabvuto kapanda ukutani, anatafuna karanga. Akaniita mtumwa wake, kama kawaida yao, akaniuliza hali ya supu. Supu gani? Supu ya kuku kumi na wawili niliyoifunika mablanketi. Nikamwambia mle ndani ni jiwe, barafu mpaka kwenye kucha. Akasema haamini. Mbemba anajua kukimbiza nyani na kuwala tu, kutunza nyama amejifunzia wapi?

Nikafungua. Nimwonyeshe tu!

Akaruka ukuta, akamgusa kuku mmoja kwa kidole kifuani kama daktari, akatikisa kichwa. Akasema huyu ana homa. Nikafunga haraka. Kamaliza maneno, ndiyo maana ameanza uganga.

Jioni karudi na rafiki zake wawili, nao hawaamini. Nikafungua. Akaja mama mmoja wa kwaya kuuliza kama ni kweli Waziri ana barafu. Nikafungua, mtu wa Mungu hafukuzwi. Kabla ya kulala nikafungua tena mara moja, kuhakikisha kwamba haijafunguliwa.

Wizara inafanya kazi.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo nimeonyesha mtaa huu biashara ni nini.

Tangu umeme ukatike mkaa umekuwa dhahabu. Kila nyumba inapikia jiko, wauzaji wanajifanya mabwana. Na sisi tuna vyungu vya sherehe nzima. Sasa nikamwona mtumishi mvivu kuliko wote hapa kwetu: pikapu ya Mjomba Chitalu, imelala uani ikingoja kubeba wanawake na vyungu Jumamosi. Betri inanenepa bure! Nikafungua boneti, nikaunga waya, nikatangaza: kuchaji simu hapa, malipo ni mkaa, konzi moja kwa simu moja.

Walikuja! Simu zilijaa mpaka kwenye kiti cha dereva. Mkaa ulijaa beseni. Kila mteja nilimfungulia friza aone barafu, kama nyongeza. Mteja akifurahi hurudi.

Saa sita Mabvuto akatundika kipande cha boksi ukutani kwao: SIMU BURE. SOLA. WALA NYANI PIA KARIBUNI.

Bure! Huo si uungwana wa biashara. Wateja wakahama kama nzige. Nikashusha bei, kipande kimoja cha mkaa. Yeye akaongeza karanga za kukaanga. Mumbi alikwenda kwake. Dada yangu wa tumbo moja, kwa karanga!

Nikapiga pigo la mwisho. Redio ya pikapu, sauti mpaka juu. Vijana wakarudi mbio, wakacheza, vumbi likapanda, na mimi juu ya boneti naongoza. Ushindi! Kwenye saa tisa mwimbaji akaanza kuimba polepole, kama mtu anayesinzia. Kisha akalala kabisa.

Si neno. Betri imechoka tu. Mtu akitembea sana hukaa, miguu inapona. Nilifikiri niiweke kwenye friza ipoe, ila haikuenea.

Nilipofungua kupima nafasi, samaki mmoja alikuwa amebadilisha uso. Sikupenda alivyonitazama.

Alhamisi, 17 Oktoba

Harufu.

Nimeamka nayo. Nikajua mara moja inakotoka. Wangoni wamekausha panya wao! Kila mtu anajua hao wanakula panya, wanawachoma kwenye vijiti na chumvi. Nikapanda ukutani nikatoa hotuba. Nikasema kuna watu hapa Luanshya wanatuharibia hewa wakati sisi tuna sherehe ya heshima. Nikasema panya ana harufu yake.

Mabvuto alinisikiliza mpaka mwisho, anapiga mswaki. Akatema. "Panya wetu wamekauka tangu Agosti, mtumwa wangu. Panya mkavu hanuki. Wewe fuata nzi."

Nikafuata nzi, nimwaibishe. Nzi wakavuka ukuta. Wakapita jikoni kwetu. Wakatua kwenye blanketi la harusi ya Mama.

Nikasema nzi hawajasoma.

Shangazi Kunda hakubishana. Alichukua kisu kilekile cha Jumatatu, akakata kamba. Sitaandika yote. Barafu haikuwepo, palikuwa na maji, na kuku kumi na wawili wanaelea wakiangalia juu, na samaki ambao hata paka wa mtaa, aliyekuwa mlangoni kwa matumaini, aliwapa kisogo akaondoka zake. Mama alitoka nje. Shangazi akaziba pua kwa kitenge, akauliza friza hii imefunguliwa mara ngapi. Nikasema kidogo tu, kwa ajili ya maonyesho.

Nilitegemea Mumbi apige kelele. Akipiga kelele mimi najua la kufanya, namwambia bibi harusi hafoki. Hakupiga. Alikaa kwenye ndoo akanitazama.

"Kaluba," akasema. "Kuku walikuwa hai."

Nikaanza kumweleza habari za redio.

"Walikuwa hai. Wanajitafutia chakula, wanalala wenyewe. Walikuwa hawahitaji umeme."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Nilikuwa na jibu zuri sana, nikalimeza.

Kwa kumbukumbu za Wizara naandika chanzo halisi cha ajali: Mabvuto alimgusa kuku kwa kidole. Kidole cha mtani kina mkosi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mazishi na siasa siku moja.

Asubuhi nimechimba shimo nyuma ya choo. Nilipomwaga beseni la kwanza nikasikia kilio. Kilio chenyewe, cha msibani, cha kujipiga kifua. Mabvuto! Amejifunga kitenge cha mama yake, masizi usoni, anawaita kuku wetu mmoja mmoja kwa majina ambayo hatukuwapa. Analia: ewe Komredi Jogoo, umetuachia nani? Watani ndivyo walivyo, kwenye msiba wako ndipo wanapofurahi, na kuwafukuza ni mwiko. Mtaa ukajaa ukutani. Kisha akaruka ndani ya shimo, juu kabisa ya marehemu, akalala chali, akakunja mikono. Hatoki mpaka apewe kitu.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama pia alicheka! Mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alijifuta machozi kwa kanga ya kichwani, akacheka tena.

Mimi nilitazama dirishani. Mumbi alikuwa nyuma ya pazia. Yeye hakucheka.

Basi nikapiga magoti ukingoni mwa shimo. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mimi, Kaluba, nilipiga magoti mbele ya Mngoni aliyelala kwenye samaki.

Nikamwambia kwa sauti ndogo: "Kwenu mna kuku."

Akafumbua jicho moja. "Tunao. Tena wanatembea. Ni ufundi wa Kingoni, hautaki waya."

Nikasema namtaka anisaidie. Akasema hakusikia. Nikasema tena. Akasema huku chini sauti haifiki vizuri. Nikapaza, mtaa wote ukasikia Mbemba anaomba. Akakaa. Akasema kuku nitawapata, mradi nile panya mmoja, getini, mchana kweupe, na nikimaliza niseme nimeshiba.

Babu zangu walipigana na babu zake na hakuna hata mmoja aliyekula panya. Ila babu zangu hawakuwa na Mumbi dirishani.

Akaleta kwenye kisahani, mkavu, mwenye mkia. Watoto wakakaa mstari wa mbele. Nikafumba macho, nikang'ata.

Kitamu!

Naandika hapa tu. Chumvi imekolea, mifupa inavunjika kama bisi. Nikala mpaka mkia. Nikasema nimeshiba. Kisha nikaomba wa pili, ili kuwakomoa.

Nilikuwa namtafuna wa pili na machozi yananitoka, moshi tu, ndipo Mama Jere akatoka kuuliza kulikoni. Akaambiwa. Akamtazama mwanawe. Akasema kuku wa Mumbi amewatenga tangu Jumatatu jioni, mama yangu alipokuja ukutani kumweleza nilichofanya. Kumi na wawili, wanene, wako bandani. Walikuwa waletwe leo jioni, panya aliwe asiliwe.

Mabvuto alijua. Tangu Jumatatu alijua!

Alikuwa ameshikilia geti, hawezi kusimama kwa kicheko. Nami siwezi kukasirika, sheria ni sheria. Nikamwambia angalau mimi nimeshiba.

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una malengelenge ya heshima.

Alfajiri uani kulikuwa na majiko saba ya mkaa. Na mkaa wa nani? Beseni langu! Hakuna aliyetaja, ila niliona wanavyochota. Viwavi wakachemka, chikanda, ile keki ya viazi pori na karanga, ikakatwa, mboga ikaingia kwenye karanga, samaki wapya akaleta Shangazi kutoka anakokujua mwenyewe. Nilifika jikoni kusimamia. Shangazi akanionyesha mwiko, nikasimamia nikiwa nje.

Saa nne vyungu tayari, wanawake wamependeza, Mjomba Chitalu akaingia kwenye pikapu akageuza ufunguo. Tik. Akageuza tena. Tik. Betri haikupona! Nimejifunza kwamba betri si miguu. Mjomba alifungua boneti, akaona waya zangu, akanitazama kama daktari anavyoitazama picha ya kifua.

Shangazi akasema tutatembea, kama mama zetu walivyotembea. Vyungu vikapanda vichwani. Ila njia ni ndefu na nshima, ugali wetu, haisubiri, lazima jiko moja liende likiwaka, chakula kipashwe kule kule. Nani abebe? Akanigeukia. Akasema wewe si ndiye Waziri wa Nishati? Beba nishati.

Nilibeba! Mwanamume peke yangu nyuma ya wanawake wote, jiko mkononi linatema cheche, jua la Oktoba utosini. Mabvuto alifuata na dumu la munkoyo, togwa ya mizizi, kila hatua ananiuliza kama moto wangu una homa. Nilipobadilisha mkono mara moja tu, akasema serikali inayumba.

Tulipofika wanawake waliingia kwa magoti, wanaimba. Mama Katongo alikuwa kwenye kiti, mdomo umefungwa kama pochi. Mimi nikapuliza moto pale barazani, vyungu vikapita kimoja kimoja juu ya jiko langu kabla ya kuingia. Kutoka mlangoni niliona kila kitu. Alifunua viwavi, akaguna. Akafunua mboga, akaguna. Akafika kwenye chungu cha kuku, kile cha Katongo mwenyewe.

Hapo nyimbo zilishuka. Kuku wa mkwe lazima awe kamili, mapaja, mabawa, shingo, miguu, na juu ya yote firigisi, ambayo ni ya mume. Ikikosekana, binti ametoka nyumba ya wezi. Shangazi alikuwa ameshika kifuniko cha chungu hicho njia nzima, jicho moja kwangu. Mama Katongo akachukua mwiko akaanza kugeuza vipande, midomo inahesabu. Mumbi ameinamia mkeka, kidole chake kinachora mduara uleule, tena na tena.

Firigisi ilikuwepo. Nono, inang'aa.

Mama Katongo akaigusa. Akavuta mkono haraka, akaupuliza.

"Cha moto," akasema. Akamtazama Mumbi kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umeme hakuna upande wetu wote, na hiki kimefika cha moto. Katongo, njoo ule."

Vigelegele! Shemeji akakaa, akachukua firigisi, akaiweka mdomoni, akafumba macho. Mwaka mzima wa kunusa! Alitafuna polepole mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyemcheka isipokuwa Mabvuto. Mumbi akainua uso. Akanitafuta mlangoni. Akaniinulia kidole gumba kwa siri, kungwi asione.

Sasa nijumlishe. Kilichomshinda mama mkwe ni joto. Joto lilitoka kwenye jiko langu. Jiko lilibebwa kwa sababu pikapu haikuwaka. Pikapu haikuwaka kwa sababu ya nani? Naacha historia ijibu.

Jumapili, 20 Oktoba

Umeme umerudi! Balbu ya sebuleni imewaka, mtaa umeshangilia, nami nimepunga mkono dirishani.

Mumbi ameniletea limau lake, lile la kwenye friza. Limenyauka kama kisigino. Akasema ni nishani. Nimeliweka juu ya kabati. Kesho anakwenda kumsindikiza Katongo kituoni, amefunga kitenge kipya, anaimba tangu asubuhi.

Kutoka kwa akina Katongo vyungu vimerudi na shukrani: kuku sita, majogoo wawili na mitetea wanne, zawadi kwa Mama. Mama amewamwagia mahindi mwenyewe, akakaa akiwatazama wakila, akasema hao hakuna atakayewagusa mpaka Krismasi. Kisha yeye na Shangazi wakaenda kanisani.

Redio sasa hivi imetangaza. Wiki ijayo umeme utakatika tena, mafundi wamesahau kitu ndani ya transfoma.

Nimekaa nimefikiri kisomi. Kosa letu lilikuwa nini? Nimeikagua friza, nimeipima kwa fimbo. Nimeliona! Kwenye kona ya kushoto, chini, palibaki nafasi ya kama kuku mmoja. Haikuwa imejaa kabisa. Baridi ilitorokea hapo.

Mabvuto yuko ukutani na karanga zake. Ameniuliza hilo jiwe ninalosugulia ni la nini. Sikumjibu, siri za Wizara. Akashuka mbio kumwita mama yake, sijui kwa nini anacheka.

Uani kuku sita wanazurura, wanaparura, hawana habari. Kisu kinakata unywele.